Mbalamwezi iliyonitoa kwenye dagaa

Mvuvi wa dagaa hupangiwa ratiba na mwezi. Taa huwavuta dagaa kwenye giza. Mbalamwezi ikitanda ziwani wanatawanyika, na mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Pale Igombe, Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wenzangu walizitumia siku hizo kushona nyavu na kulala. Mimi nilishinda kwa fundi wa mashine za boti, maana bega lilishaanza kukataa kuvuta nyavu, na mgawo, baada ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, kukata petroli, chakula na sehemu yake, haukutosha kodi ya chumba. Uvuvi sikuuacha kwanza. Giza navua, mbalamwezi najifunza, na hivyo ndivyo ningemshauri yeyote anayetaka kubadili kazi huku ana watoto wa kulisha.

Siku moja ikaletwa mashine ya nguvu za farasi 15 ambayo ilikuwa haikojoi, yaani ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma umekatika. Fundi akanipa spana.

“Leo ni yako, mdogo wangu. Mimi natazama.”

Mchirizi ukikatika, zima hapo hapo. Mashine hizi hupozwa na maji ya ziwa lenyewe; yakikosekana, pistoni hutanuka, hukwaruza silinda na kujam. Nilianza na matundu ya kuvutia maji kule chini kwenye mguu, ile sehemu ya mashine inayozama majini, kwa kuwa magugu maji na mifuko ya plastiki hupenda kuziba pale. Yalikuwa safi. Nikachomoa waya za plagi isije ikawaka mikononi, nikatenganisha fimbo ya gia, nikalegeza boliti na kuushusha mguu taratibu, kisha nikafungua pampu ya maji.

Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mbawa. Ile ilikuwa imekakamaa, mbawa mbili hazipo. Adui yake ni mchanga: nahodha anawasha kwenye maji mafupi, pangaboi linatimua chini, pampu inavuta mchanga na mpira unasagika. Wengine huijaribu mashine nchi kavu. Hapo mpira huungua upesi sana, kwa sababu maji ndiyo yanayoulainisha.

Impela mpya ilikuwa tayari mezani, na mwenye mashine alikuwa na haraka. Lakini mbawa iliyokatika haipotei, hupanda na maji na kwenda kukwama juu. Ukifunga mpya bila kuitafuta, mashine itarudi imechemka. Kipande kimoja nilikikuta ndani ya pampu. Cha pili hakikuwemo. Nikapuliza bomba la maji, hakikutoka. Nikafungua kifuniko cha themostati, kile kidhibiti joto, kule kichwani, na hapo kilikuwepo: cheusi, ukubwa wa ukucha. Fundi alikipokea, akakigeuzageuza, akamwonyesha mwenye mashine.

Kufunga kunataka utulivu. Kii, kipande kidogo cha chuma kinachoishika impela isizunguke bure, inakaa kwenye shafti, impela inafuata, kisha nyumba ya pampu inashushwa huku shafti ikizungushwa kuelekea mshale wa saa unakoenda, mbawa zote zilale upande mmoja. Bomba la maji lazima liingie sawasawa kwenye mpira wake, la sivyo pampu mpya haitasaidia kitu. Tukaitumbukiza kwenye pipa la maji na kuipa mchanganyiko wake, oili lita 1 kwa petroli lita 50. Ikawaka, mchirizi ukaruka mpaka nje ya pipa.

“Giza hili unaingia ziwani?” fundi akauliza.

“Siingii.”

Jioni nikamwendea tajiri, nikamwomba atafute mvuta nyavu mwingine. Hakukasirika. Aliuliza tu kama mashine yake nayo nitaitazama. Nikamwambia ailete mapema, kwa sababu giza likikaribia kila mtu anataka yake iwe tayari kwa usiku wa kwanza, na foleni kwa mafundi haikatiki. Kesho yake nikanunua spana namba 10 na 12, spana ya plagi na bisibisi mbili.