Siku Moja Maishani Mwangu: Tatu kwa Mbili, Nne kwa Tatu

Watu wakisikia nafundisha piano husema, "Raha iliyoje, siku nzima unasikiliza muziki." Muziki wenyewe nausikia labda dakika arobaini. Saa zilizobaki nasikiliza pigo moja likirudiwa mara mia mbili, nikisubiri kidole kimoja kiache kuwahi. Na msimu huu karibu wanafunzi wangu wote wako kwenye polirithimu: mkono mmoja unaligawa pigo mara tatu, mwingine unaligawa pigo lilelile mara mbili, au nne kwa tatu, au tano kwa nne. Siku yenyewe inakwenda hivi.

Saa 12:15 asubuhi

Vidole vyangu kwanza, kabla ya vya watu. Skeli ya C meja: mkono wa kushoto unapanda oktava mbili (oktava ni hatua saba, kutoka C hadi C inayofuata), wa kulia unapanda oktava tatu, kwa muda uleule. Kushoto hatua 14, kulia hatua 21, na yote miwili inafika C ya juu kwa pamoja. Zoezi hili halina huruma. Mikono isipofika pamoja, ujue mmoja umemeza noti njiani. Kisha oktava tatu kwa nne, hatua 21 kwa 28. Pedali, ile ya mguuni inayorefusha sauti, siigusi, maana pedali ni blanketi la kufunika makosa.

Pabaya panajulikana: pale dole gumba la kulia linapopita chini ya vidole vingine, wakati kule kushoto kidole cha kati ndicho kinachoruka juu ya dole gumba, kwenye noti nyingine kabisa. Kila kipito kinaomba nafasi kidogo, na nafasi hiyo haipo. Nusu saa, basi.

Saa 2 hadi saa 5 asubuhi

Wanafunzi wanne wa tatu kwa mbili, mmoja baada ya mwingine, na somo ni lilelile kwa wote. Kosa la kwanza wanalokuja nalo ni kujaribu kuhesabu vitu viwili kwa wakati mmoja: kichwani "moja-mbili-tatu" kwa mkono wa kulia na "moja-mbili" kwa wa kushoto. Haiwezekani, na wala hakuna haja. Unahesabu kitu kimoja tu. Gawa pigo vipande 6 vilivyo sawa. Mkono unaopiga tatu unagonga kipande cha 1, 3 na 5. Mkono unaopiga mbili unagonga cha 1 na cha 4. Ukiviunganisha unapata mstari mmoja: pamoja, kulia, kushoto, kulia.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa silabi zetu zinatoka na urefu unaokaribiana. Sema: kaa hapo juu. Ka-a-ha-po-ju-u, silabi sita, vipande sita. "Kaa" ni mikono yote miwili, "ha" kulia, "po" kushoto, "juu" kulia. Kwanza kwenye mapaja, dakika tano, mdomo ukisema. Halafu kwenye kifuniko cha piano. Halafu kibonye kimoja kila mkono. Noti za kweli zinakuja mwisho kabisa, na hapo ndipo wengi hukasirika, maana walikuja kupiga piano na mimi nawapigisha mapaja.

Kinachoharibika ni kilekile kila mara. Noti ya pili ya kushoto inapaswa kuanguka katikati kabisa, baina ya noti ya pili na ya tatu ya kulia. Kidole hakipendi kuanguka peke yake, kinatafuta mwenzake. Kwa hiyo kinajibandika kwenye noti ya pili ya kulia, na zile tatu zinageuka ndefu-fupi-fupi, kama farasi anayekimbia. Ukisikia farasi, simama, rudi kwenye mapaja. Watatu kati ya wanne leo walikuwa na farasi. Wa nne alikuwa safi, tukaongeza kazi: mikono ibadilishane, tatu ziende kushoto. Farasi akarudi.

Saa 6 mchana

Chakula, na ukimya. Ukimya ni sehemu ya kazi.

Saa 8 mchana

Yaani saa 8:20, kwa sababu huyu hafiki saa 8. Ni mtu mzima, mtu wa hesabu, na amejiwekea lengo moja tu: Fantaisie-Impromptu ya Chopin. Ile ya C-sharp maina, iliyotungwa 1834 na kuchapishwa 1855 baada ya mtunzi kufariki. Kulia noti nne kwa kila robo noti, yaani kila pigo, kushoto tatu, na mwendo ni wa kasi na msukosuko.

"Mwalimu, hesabu nimeshaipiga," akaniambia kabla hajakaa. "Nusu noti ikiwa 80 kwa dakika, noti mbili za karibu kabisa zinaachana kwa milisekunde 31."

Hesabu yake ni sahihi. Lakini hakuna kidole duniani kinachosubiri milisekunde 31 kwa kuzihesabu. Nikamwomba apige. Akapiga kwa kasi kamili, kurasa mbili, jasho linamtoka, na kwa sikio la mpita njia ilikuwa kama Chopin. Nikamwambia, "Sasa kaka, nipigie duru moja tu, yaani nne kwa tatu mara moja, kwa sekunde nne." Akacheka. Nikasubiri. Akajaribu, na jengo zima likaanguka.

Hapo ndipo saa yangu moja ilipogeuka kuwa karibu mbili.

Nne kwa tatu ni vipande 12. Ukiiandika inaonekana hivi:

Kulia (4):   X . . X . . X . . X . .
Kushoto (3): X . . . X . . . X . . .

Kulia ni kipande cha 1, 4, 7, 10. Kushoto ni 1, 5, 9. Tazama kipande cha 4 na cha 5: vimeshikana. Cha 9 na cha 10 pia. Hizo jozi mbili ndizo zinazoua watu. Noti zilizokaribiana hivyo zinavutana mpaka zinaangukia pamoja, na mkono wa kulia badala ya kutoka 3-3-3-3 unatoka 4-2-2-4. Kwa kasi, sikio linadanganyika, kwa sababu idadi ya noti imetimia. Lakini hiyo si nne kwa tatu tena. Ni tatu zilizo sawa, zenye noti moja ya ziada iliyochomekwa katikati.

Akakataa. Kwake kulia kulikuwa sawa. Nikamfanyia jaribio ninalolitegemea: apige yote miwili, nami nikigusa bega lake la kushoto, mkono huo unyamaze palepale na wa kulia uendelee. Mkono ulio huru kweli hautikisiki. Wake uliyumba mapigo mawili mazima, ndipo ukanyooka. Maana yake kulia alikuwa ameegemea kushoto. Ukiondoa mkongojo, anapepesuka. Tukarekodi kwa simu, kushoto chini kabisa kwenye besi na kulia juu kabisa, ili sikio liweze kuzitenganisha sauti. Akasikiliza mara tatu. Mara ya tatu akanyamaza, na kwa mara ya kwanza leo akauliza, "Tunaanzia wapi?"

Tunaanzia kwenye maneno: leta taa hii hapa. "Le" inavutwa vipande vitatu, "ta" kimoja, "taa" viwili, "hii" viwili, "ha" kimoja, "pa" vitatu. Jumla 12. Mikono yote kwenye "le". Kulia kwenye "ta", "hii" na "pa". Kushoto kwenye "taa" na "ha". Onyo moja: ulimi wa Mswahili unataka kukazia "ha" ya "hapa", kwa hiyo inarefuka bila mtu kujua na "pa" inachelewa. Ifupishe kwa makusudi.

Kisha metronomu, kile chombo kinacholia kwa mwendo sawa; namba yake ni milio kwa dakika. Weka 168, kila mlio ni kipande kimoja. Duru nzima inachukua zaidi kidogo ya sekunde nne. Ikitulia, usibadilishe kasi. Badilisha anayeshika saa. Weka 42: sasa mlio unaangukia kwenye noti za kushoto tu. Kisha weka 56: unaangukia kwenye za kulia tu. Kasi ni ileile katika namba zote tatu, ila kila mara mkono mwingine ndio unaobaki bila ulinzi. Wengi wanapita 42 vizuri na kuanguka kwenye 56, na yeye akaanguka papo hapo, mara sita. Nilizihesabu.

Jambo la mwisho tulilogusa ni uzito. Mikono ikikutana kwenye "le", sauti mbili zinajumlishana na inatoka kishindo, na kishindo hicho kila duru kinaufanya mwili urukie mwanzo. Kwa hiyo "le" ndiyo inayopigwa kwa wepesi kuliko zote, viganja vimelegea, mabega chini. Alikuwa ameyapandisha mabega mpaka masikioni.

Nikamwambia pia kwamba kuna njia nzuri zaidi ya kufika anakotaka. Chopin mwenyewe aliandika etude (vibao vya mazoezi) tatu mpya mwaka 1839 kwa ajili ya kitabu cha kufundishia, na ya kwanza, ya F maina, ni tatu kwa nne kwa mwendo wa wastani. Tena mikono imebadilishana: tatu ziko kulia, nne kushoto. Hakufurahi. Mtu akishapenda mlima, ukimwonyesha kilima anadhani unamdharau.

Nadhani ilikuwa saa 10 na kitu

Wawili walikuwa wakisubiri nje, na walikuwa na haki ya kununa. Nikawapa tano kwa nne wote kwa pamoja, mmoja kila upande wa piano, mmoja akigonga tano na mwingine nne. Hapa maneno hayasaidii tena. Vipande ni 20 na sentensi inakuwa ndefu kuliko pumzi. Ninachowaonyesha ni umbo. Nafasi kati ya noti zinakwenda 4-1-3-2-2-3-1-4. Isome kutoka mwisho: ni ileile. Nne kwa tatu nayo ni 3-1-2-2-1-3, na tatu kwa mbili ni 2-1-1-2. Nusu ya pili ni kioo cha nusu ya kwanza, kwa hiyo ukishaijua vizuri nusu ya kwanza, umebakiza kurudi ulikotoka. Mdogo kati yao, mtoto wa miaka kama kumi na moja, aliliona hilo kabla sijamaliza kuandika namba. Hizo ndizo dakika zinazonirudisha kazini kesho.

Jioni

Kusindikiza mwimbaji. Yeye anaimba tatu, piano inatembea kwa mbili, na kazi yangu yote ni kutomfuata. Akivuta noti yake ya pili, mkono wangu unatamani kumsubiri. Nikimsubiri, wote wawili tunazama. Natazama ukuta, siutazami mdomo wake. Tulirudia ukurasa mmoja muda mrefu, sikumbuki mara ngapi. Masikio yangu saa hiyo yalikuwa yamechoka kiasi kwamba feni na bomba linalodondosha maji vilikuwa tatu kwa nne, na feni ilikuwa inawahi.

Usiku, piano imefungwa, ukaja ujumbe kutoka kwa yule wa saa 8. Rekodi ya sekunde ishirini na kitu, metronomu 44, mlio kwenye kushoto, hakuna Chopin, ni kibonye kimoja kila mkono. Nikaisikiliza nimelala chali, simu juu ya kifua. Duru ya kwanza safi. Ya pili, ya tatu, ya nne safi. Duru ya tano, "pa" ikavutwa na "ha".

Nikamjibu: "Duru ya tano, kipande cha 10 kimeangukia cha 9. Rudi 42."

Akajibu: "Nimesikia hata mimi."