Kijiko nyuma ya flasha

Huku Puget Sound, mkono wa bahari jimboni Washington, Marekani, tukirambaza samoni aina ya chinook, kijiko (chambo cha chuma chenye umbo hilo) mimi nakipa mshipi mrefu: futi 5 hadi 6 nyuma ya flasha, lile bamba linalozunguka na kumeremeta kuvuta samaki. Kijiko kina mchezo wake. Ukikifunga karibu mno flasha inakivuruga. Ngisi wa plastiki ndiye wa karibu, inchi 40 hivi, maana bila kurushwarushwa na flasha hachezi kabisa.

Swiveli ya gololi, kile kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote, usiibanie hela. Ya bei chee hukwama, mshipi wote ukajisokota. Na ndoana isiwe na kijino cha kuizuia kuchomoka, ndiyo sheria ya hapa.

Kabla ya kushusha chubwi, naviburuta kwanza ubavuni mwa boti: flasha ipige duara, kijiko kitikisike. Rangi ya chambo wavuvi wengine wabishane wenyewe. Mimi na kijani yangu.