Lipu iliyobanduka ndiyo iliyonipa kazi ya kuandika

Nilikuwa karani wa stoo kwenye mjengo mmoja hapa Kisumu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mifuko ya simiti ikiingia na ikitoka, na kuangalia isitokee mlango wa nyuma. Mafundi wakija kungojea vifaa huongea, na mimi nilikuwa na daftari mkononi kutwa nzima. Kurasa za mbele zilikuwa za mifuko. Za nyuma zikajaa maneno yao: mbao gani mchwa huziogopa, ukuta unatoaje sauti ukiwa mgonjwa, bawaba za zamani zinafunguliwaje bila kuvunja fremu.

Gazeti moja lilikuwa na ukurasa wa ujenzi kila wiki. Nikawatumia makala kuhusu zile nyumba za Wahindi karibu na Oginga Odinga Street, duka mbele, makao nyuma, ua katikati. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wafanyabiashara wakaja nyuma yake. Makala ikachapishwa, nikalipwa shilingi 1,500. Kaka yangu aliniuliza kama hiyo ni ya wiki au ya mwezi. Ilikuwa ya makala, na makala yenyewe ilinichukua siku tisa.

Ya nne ndiyo iliyoniponza. Niliandika kwamba ukuta wa zamani ukianza kumenyuka, dawa yake ni kubandua lipu yote na kupiga mpya ya simiti, tena ya kuzuia maji. Hilo sikulitoa kwa fundi yeyote. Nililitoa kichwani, kwa sababu stoo yetu ilijaa simiti na niliamini simiti hutibu kila kitu.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua ya masika, nikapigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba ya zamani Milimani. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika habari za lipu? Njoo uone."

Nilimwomba mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye mjengo anisindikize. Ukuta wa sebule ulikuwa umefura kama chapati kwenye kikaango. Chini, kwa nje, ulionekana mkavu, lakini ndani maji yalikuwa yamepanda hadi usawa wa kiuno, na juu ya mstari huo chumvi nyeupe imetoka kama ukungu wa mkate. Mzee hakusema kitu. Akagonga kwa kifundo cha kidole, hatua moja, akagonga tena. Palipokuwa pazima palilia *ti*. Palipoachana na jiwe palilia *bo*. Akanipa zamu nami nigonge.

Kisha akaniambia mbele ya yule mama, bila kunionea haya. Ukuta ule umejengwa kwa mawe na udongo uliochanganywa na chokaa, na hauna kitu cha kuzuia maji kwenye msingi. Maji ya ardhini yamekuwa yakipanda tangu siku nyumba ilipojengwa, yakitokea kwenye lipu ya chokaa na kukauka kwa upepo. Mimi nikaja nikaziba mlango. Maji hayarudi chini kwa sababu umeziba. Yanapanda yakitafuta pengine pa kutokea.

"Jaduong', sasa tufanyeje?" nikamuuliza mzee.

"Kwanza wewe ushike patasi."

Nilichukua likizo ya wiki tatu nikabandua simiti yangu mwenyewe. Chokaa tuliitoa Koru, mbele ya Muhoroni, ikiwa bado mawe yaliyochomwa. Kuizima ni kazi ya kuheshimu: unaweka maji kwenye pipa kwanza, ndipo unatia chokaa kidogo kidogo, miwani machoni. Ukigeuza, maji juu ya chokaa, inakurukia usoni ikichemka. Ilitokota kama uji, ikatulia, ikabaki laini kama siagi. Tuliifunika, mama akalala na ukuta uchi hadi ilipokomaa. Nilirudi tukapiga lipu: chokaa moja, mchanga wa mto tatu, tabaka nyembamba isiyozidi kidole. Jua la Kisumu ni adui wa lipu hii. Chokaa haigandi kwa kukauka, inaganda polepole kwa kuvuta hewa, na ikikauka haraka inapasuka. Kwa hiyo tulitundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, na mama akayamwagia maji asubuhi na jioni kama miche.

Niliandika yote hayo, nikianza na sentensi ya kukiri kwamba makala yangu ya awali ilikuwa na kosa. Mhariri alisita. Ikachapishwa, na hiyo ndiyo iliyoleta simu kutoka Nakuru, Kakamega, hadi Butere.

Kuhusu pesa nisiwadanganye: kalamu peke yake hailipi kodi. Kinachonilisha ni watu wanaoniita niikague nyumba kabla hawajainunua au hawajaibomoa. Natembea na timazi, tochi na bisibisi ya kuchoma mbao kutafuta mchwa, kisha nawaandikia ripoti. Jambo la kwanza ninaloulizia ni kama jengo limetangazwa kuwa turathi, maana chini ya sheria ya makavazi ya mwaka 2006 huwezi kuligeuza bila ruhusa. Wahariri wapya huniomba niandike kuhusu kasri la Lord Egerton kule Njoro, lililoanza kujengwa 1938 likamalizika 1954. Niliandika mara moja. Wasomaji wote walioandika baadaye waliuliza kuhusu mabati yanayovuja.

Mzee macho yamepungua sasa, kwa hiyo kila makala namsomea kwa simu kabla sijaituma. Juzi nilimsomea kwamba tabaka la pili hupigwa baada ya siku tatu. Akanikatiza.

"Siku tatu umezitoa wapi? Mimi nilikwambia bonyeza kwa kidole gumba. Kisipoingia, piga."

Nikafuta siku tatu, nikaandika kidole gumba. Akaniambia niendelee kusoma.