Jinsi nilivyorekebisha njia ya kitimwendo kwenye ofisi yetu

Jengo la umma ninalolisimamia hapa Tanzania lilikuwa na njia ya mteremko iliyofaa kupigwa picha tu, kwani mlango uko sentimita 45 juu ya ardhi, na njia yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 2, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuipanda bila kusukumwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na kusukumwa na mlinzi si kufikika.

Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu, hivyo nilihitaji mita 5.4, ilhali uwanja wa mbele ulikuwa na mita 4 na ushee. Niliigawa njia vipande viwili vya mita 2.7, nikaikunja kandokando ya ukuta, na penye kona nikaweka sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kigeuke. Fundi aliisugua zege kwa ufagio ikiwa mbichi, isiteleze wakati wa mvua, kisha tukafunga vyuma vya kushikilia pande zote mbili.