Siku moja maishani mwangu: fidla iko Zanzibar, sauti iko Sinza

Saa 11 alfajiri nishaamka, hii ndo saa pekee huku Mwananyamala, Dar es Salaam, bodaboda hazijaanza kelele. Nakaa jikoni na gitaa, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai inarekodi. Nna wimbo wa mama, vesi ya pili inanisumbua wiki ya 2 sasa, mstari unasema "ulinibeba mgongoni", mizani 9, mwenzake ana 8, kwa hiyo kila nikifika pale napumua sehemu mbaya. Leo ukaja wenyewe: mgongoni nikilala, ukichoma vitumbua. 8 na 8. Nimeimba mara 20 hivi mpaka jirani akagonga ukuta.

Saa 2 naongea na mzee wangu wa Zanzibar, mpiga fidla wa taarab tangu ujana wake. Kanitumia fidla kwa voisi noti ya WhatsApp na ile inabana sauti mpaka uzi unalia kama nzi kwenye kopo, ikabidi nimwelekeze mjukuu wake arekodi upya afu atume kama dokumenti. Mzee anasema, "Mwanangu, pole pole, nimo." Yaani Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, na wenzake mwaka 1928 walipanda meli mpaka Bombay kurekodi, wanaimba na kupiga pamoja, sisi tumetenganishwa na bahari hii ndogo tu na hatujawahi kukaa chumba kimoja.

Saa 4 studio Sinza, chumba cha uani, ukutani magodoro na trei za mayai. Fidla imefika, tamu sana, ila mzee kapiga bila klik, ule mlio wa kuhesabia mapigo, anaharakisha akipata raha na kuvuta akihuzunika. Prodyuza akasema, "Dada, naikata vipande naipanga kwenye biti, nusu saa tu." Nikakataa. Kule kuvuta ndo wimbo wenyewe jamani, ukiunyoosha umebaki na nini? Tukafanya kinyume, ngoma ndo ikamfuata mzee, kipande kwa kipande, imetuchukua mpaka saa 8, na katikati tulisimama kwa adhana ya adhuhuri maana maiki inadaka kila kitu.

Kabla sijaingia kwenye maiki nikatoa karatasi ya mgawanyo wa haki za wimbo. Mimi asilimia 60, mzee 20, prodyuza 20, majina kamili, sahihi, picha kwa mjukuu naye mzee akasaini. Hapa sina aibu kabisa. Kuna mwaka niliandika kiitikio cha msanii mmoja, tuliongea kwa mdomo kama ndugu, wimbo ukapigwa redioni miezi na jina langu halipo popote, na nilipoenda kuuliza COSOTA, wale wa hakimiliki, nianzie wapi nikaambiwa nilete maandishi, sikuwa nayo hata mstari mmoja. Kwa hiyo ukitaka kolabo na mimi tunasaini kwanza, hata kama tumenyonya ziwa moja.

Vokali nimeingiza teki 6, yaani nimeimba mara 6, tumechukua ya 2.

Saa 10 bajaji hadi hotelini Msasani, saundi cheki. Malipo nusu nilishapokea juzi, bila hiyo sibebi gitaa. Seti 3 za dakika 45, watu wanakula samaki wanataka nyimbo wanazozijua, nawapa, ni haki yao. Seti ya 2 uzi wa kwanza ukakatika katikati ya wimbo, nikaendelea kwa uzi 5 na sauti, na ukumbi ukapoa, vijiko vikatulia. Nikaona hapohapo, nikaimba wa mama. Mara ya kwanza mbele za watu. Dada mmoja wa jikoni alisimama mlangoni na sinia mkononi mpaka nikamaliza.

Saa 6 usiku niko nyumbani, miguu kwenye beseni. Mzee katuma ujumbe: kasikiliza alichopiga, kipande cha mwisho hakikumridhisha, atapiga tena alfajiri kabla majogoo hayajaanza.