Kizima hakikuwepo?

Haya jamani nimerudi, najua niliahidi kumalizia stori ya intavyuu ya Baba Nuru, kazi kapata, mkataba wa kudumu, alhamdulillah, tutaongea siku nyingine. Leo nina jambo dogo, dogo kabisa hata naona aibu kulitaja, ila linanikereketa tangu Jumapili na nisipoliandika hapa nitaanza kuliongelesha cherehani.

Wifi yangu wa Aberdeen mnamjua. Yule yule. Si amehamia nyumba mpya, basi akaja huku Glasgow wikendi, na mimi nilikuwa nimemshonea blanketi la kochi kwa vile vipande vya tartani, sufu ya drafti ya Kiskoti, ninavyotoa kazini kwenye karakana ya kilti, zile sketi za marinda za wanaume wa Kiskoti, ule mzigo wa chini ya kitanda ambao Baba Nuru anausema kila akitafuta viatu. Blanketi lile nimelishona usiku usiku Nuru akishalala, na mguu wa cherehani nimeuwekea taulo chini ili jirani asigonge dari. Nampa. Anafungua, anapitisha kiganja, anageuza nyuma anakuta flisi, anageuza tena mbele, halafu kidole kikaenda moja kwa moja pale kijani ya tartani ya Black Watch inapokutana na nyekundu ya tartani ya Royal Stewart, akaufuata mshono taratibu mpaka mwisho, akaniangalia.

"Zuri wifi. Ila kizima hakikuwepo?"

Mimi nikasema, "Kilikuwepo." Nikanyamaza. Halafu nikasema, "Utakunywa ya rangi au ya maziwa?"

Akasema ya maziwa. Basi, mazungumzo yote ni hayo.

Sasa niambieni, mtu akikuuliza kizima hakikuwepo anataka nini? Maana nimelipindua hilo swali kila upande. Kuna muda naona aliuliza tu, yani anataka kujua, si mtu anauliza kitambaa kimetoka wapi. Halafu nakumbuka ile "ila". Bila "ila" ningelala vizuri. Na lile jibu langu, "kilikuwepo", ndo limezidi kuharibu, kwa sababu sasa maana yake kizima kilikuwepo nikakiacha makusudi nikamletea yeye viraka. Namuuliza Baba Nuru ananiambia dada ndo alivyo, kauliza tu. Kauliza tu! Wanaume na dada zao tuwaachie Mungu.

Juzi Bibi Marinda, bosi wetu, katuita wote pale karakana akatangaza anastaafu, kazi atamwachia mpwa wake, watu tukalia, mimi mwenyewe nikalia, na katikati ya machozi najikuta nawaza, hivi kizima ningekitolea wapi, kitambaa kipya cha sufu cha kilti mita moja tu ni makumi ya pauni, na blanketi la kochi linataka zaidi ya hiyo.

Na isitoshe hajui vipande vinapatikanaje. Wasomaji wapya nao hawajui, kwa hiyo ngoja niseme. Kilti ya kiume iliyoshiba inakula yadi 8. Kitambaa kinakuja kipana, tunakipasua katikati kwa urefu, na ule ukingo wa kiwandani ndo unakuwa pindo la chini, kilti ya maana haikunjwi chini. Kwa hiyo ukishapima kiuno mpaka goti, kinachozidi kinakatwa juu. Unabaki na utepe mrefu mwembamba. Halafu ndani ya marinda, sehemu ya juu, tunakata nyama iliyozidi ili mtu asionekane ana matako mawili ya ziada, pale ndo vinatoka vile vipande vya ajabu ajabu, huku vipana huku vimechongoka. Cha mteja anarudishiwa mteja kwenye mfuko pamoja na kilti yake, Bibi Marinda kwenye hilo hana mchezo. Mimi nachukua vya kitambaa cha dukani tu.

Na tepe hizo ukizishika utajua kwa nini siwezi kuzitupa. Sufu ya kilti imesokotwa ikakaza, ni nzito, ukiikata ukaiacha hivi hivi inaanza kufumuka pembeni, na huo ubaya ndo utamu wake, kwa sababu ukichomoa nyuzi za kukatiza moja moja unapata matamvua bila kushona chochote. Nuru ndo kazi yake hiyo Jumamosi, anakaa na sindano butu anachomoa, nyekundu mbili, kijani, nyeusi, njano moja, anazipanga mezani kwa rangi, mwisho ana kitambaa cha kuwekea kikombe chenye matamvua pande zote nne. Ukiweka kikombe cha moto hakiungui ovyo, sufu haishiki moto haraka.

Vingine navishona tai za kipepeo, hapo ujanja ni mstari wa katikati ukae katikati, ukikosea kidogo mvaaji anaonekana kapinda shingo. Tartani zenye drafti kubwa hazifai kwa vitu vidogo, unapata upande mmoja wekundu mtupu na upande wa pili kijani mtupu kama bendera mbili zimegombana. Hizo nazipeleka kwenye nyoka wa mlangoni. Nyoka nitamsifia mpaka nife. Mnajua haya majengo ya zamani ya mawe, upepo unaingia chini ya mlango na filimbi kabisa, sasa ule utepe mrefu unaukunja kwa urefu, unashona, unajaza vitambaa vilivyochoka na mchele kidogo apate uzito, unalaza mlangoni. Hata vipimo huvihitaji, kilti imeshakupimia. Kava za chupa ya maji ya moto nazo zinakwenda sana, na vifungo vya kuvalishwa kitambaa, na ukikata kwa mshazari drafti zinageuka almasi, nzuri ajabu kwa kupiga bomba, ule ukingo wa mviringo, pembeni ya mto wa kochi. Ila mshazari unavutika, usiupige pasi kwa kusukuma, weka kitambaa kibichi juu, kandamiza, inua.

Lakini blanketi ndo blanketi. Kitambaa kizima unakunja pande nne unakwenda kulala. Hili nimeunganisha tepe ambazo hazijuani, na kila nilipoweza nimeufanya mstari wa njano wa kipande hiki uangukie kwenye mstari wa kile, na si rahisi, kila tartani ina hesabu yake ya nyuzi. Bibi Marinda alipoliona alicheka akaniuliza kama najua nimefanya nini. Kumbe nimemshona Campbell ubavuni mwa MacDonald, koo mbili za huku zenye uhasama, kila moja na tartani yake. Akanisimulia habari ya Glencoe, Februari 1692, wanajeshi wa serikali chini ya kapteni Campbell wamekaa kwa MacDonald karibu wiki mbili wanalishwa na kulazwa, halafu alfajiri moja wakaamka wakawaua wenyeji wao. Akasema mara ya mwisho hawa kulala nyumba moja hawakuamka salama. Nikamwambia sasa watalala Aberdeen, kwa wifi yangu, adabu watashika.

Hilo nililitunza nimwambie wifi akishalisifia blanketi. Nililipanga kabisa. Atasema "mashallah wifi", mimi nitasema "unajua hawa wawili?", nitamwonyesha. Badala yake nikaenda kuchemsha maziwa.

Sasa jana nipo kwenye basi, nimechoka, ndo kitu kikaniingia kichwani mpaka nikacheka peke yangu na mama wa pembeni akasogeza mkoba wake. 2023 si tulikwenda Dundee wote, pale makumbusho ya V&A, kwenye yale maonyesho ya tartani? Na wifi alikuwepo! Alikuja na koti lake jipya. Na kule ndani kile kitu ambacho watu walikuwa wanakizunguka kilikuwa nini? Kipande. Kile kilichotolewa kwenye kinamasi cha Glen Affric, wataalamu wakakipima wakasema ni cha kati ya 1500 na 1600, tartani halisi ya zamani kuliko zote zinazojulikana Scotland. Nusu mita hivi, kimechakaa, rangi imekwenda kahawia, pembeni kimeliwa, na wifi yangu amesimama mbele ya kioo mdomo wazi anasema "subhanallah, miaka yote hiyo". Hakuuliza kizima kiko wapi! Tiketi kalipa mwenyewe!

Halafu nikakumbuka na kile kipande cha Falkirk, mji wa huku huku Scotland, kiko Edinburgh kwenye makumbusho ya taifa, cha karne ya 3, drafti za rangi mbili za sufu yenyewe, haikutiwa rangi. Hicho kilikutwa kimechomekwa kwenye mdomo wa chungu chenye karibu sarafu 2,000 za fedha za Kirumi. Yani kuna mtu, miaka hiyo, ana hela zake anataka kuzifukia, chungu hakina mfuniko, akaangalia pembeni akaona kipande. Huyo ni ndugu yangu. Huyo angenielewa. Nina hakika hata yeye nyumbani alikuwa na mzigo chini ya kitanda na mtu wa kuusema.

Basi nikashuka basi nimepoa, nikasema wifi nimemsamehe, na nikaanza kutunga meseji ya kumkumbusha Dundee, ya utani tu, nikaifuta, nikaitunga tena bila utani, nikaifuta. Kabla sijamaliza yeye akatuma ya kwake. "Wifi mambo, vile vipande bado unavyo? Jirani yangu anataka mfuniko wa chupa ya maji ya moto, mwekundu. Na mie nyoka mmoja, mlango wa nyuma." Mwisho. Blanketi hakulitaja. Picha ya kochi hakutuma, nikaenda kwenye stetasi yake nikavuta nikakuza, pembeni ya picha ya keki kuna kitu chekundu, inaweza ikawa blanketi, inaweza ikawa koti. Nimemjibu sawa wifi. Bei ya jirani ni bei ya mjini, nyoka wa kwako bure, ila nampa macho mawili ya vifungo anikodolee huyo mlango wa nyuma kwa niaba yangu.

Kingine, kuna doa la unyevu limetokea kwenye dari ya chumba cha Nuru, pembeni kule juu ya kabati. Wiki iliyopita nililizungushia penseli, leo asubuhi limeshavuka mstari upande wa dirishani. Agenti wa nyumba nimemwandikia barua pepe kimya, jirani wa juu anasema kwake pakavu kabisa, Baba Nuru anasema tusubiri mvua ikatike, mvua ya Glasgow hiyo. Kitanda cha Nuru tumekisogeza mlangoni kwa sasa. Kuna anayejua, hivi bomba likipasuka ndani ya ukuta linaanzaga hivi hivi au ni paa?