Siku moja na behewa langu la dizeli

Saa 10:30 alfajiri. Nyumbani Tabora wanaamini naendesha Shinkansen, ile treni ya kasi ya Kijapani inayoitwa treni ya risasi. Nimekanusha mpaka nimechoka. Mimi ni fundi wa karakana kwenye reli ya vijijini, magharibi mwa Japani. Mwaka 2024 nchi hii iliongeza reli kwenye kazi zinazotolewa viza ya ufundi kwa wageni, na mlango huo ndio nilioingilia. Treni yetu ni behewa moja tu, mita 16 hivi, injini ya dizeli imelazwa chini ya sakafu. Ukiingia utadhani ni daladala iliyotulia: unapanda mlango wa nyuma, unachukua kikaratasi chenye namba, unashukia mbele na kutumbukiza nauli kwenye kisanduku kando ya dereva. Konda hakuna.

Saa 11. Maji, oili, mchanga kwenye visanduku vya magurudumu, kisha nyundo: nagonga bolti moja moja nikisikiliza mlio. Kila ninachokagua nakinyooshea kidole na kusema kwa sauti, "Yoshi!", yaani "Sawa!", hata nikiwa peke yangu gizani. Mwanzoni niliona aibu. Siku hizi nalinyooshea kidole hata jiko la gesi kabla ya kutoka nyumbani.

Saa 12 ya kwanza inaondoka. Chai. Mkuu wetu wa zamu, mzee wa maneno machache, akishika kikombe husimulia mambo ya miaka ya 1980. Shirika la reli la taifa lilikuwa limezama kwenye madeni, njia zisizolipa zikatemwa, nyingine zikaokotwa na kampuni ndogo za mikoa na manispaa zisizo na pesa ya treni nzito. Ndipo Fuji Heavy Industries, waliokuwa wakiunda mabodi ya mabasi, wakaja na LE-Car, treni iliyojengwa kwa vifaa vya basi. Za mwanzo zilikuwa na ekseli mbili tu. Zilikuwa nyepesi na zilinywa mafuta kidogo, ila bodi ya basi haizeeki kama ya treni. Mzee ameshuhudia nyingi zikienda kukatwa vyuma chakavu.

Saa 1:20 simu ikalia. Dereva kagonga kulungu.

Huku ni jambo la kawaida. Wanasema kulungu hulamba reli wakitafuta madini ya chuma. Dereva, kwa kuwa yuko peke yake, hushuka na tochi, akachungulia chini, akatoa taarifa, akarudi kuwaomba radhi wanafunzi na bibi wawili wanaokwenda hospitali. Behewa likatufikia saa 2:15. Lilitakiwa kutoka tena saa 3:10, maana la akiba lilikuwa juu ya jeki, magurudumu yametolewa.

Nikashuka shimoni. Sitawapamba: manyoya yalikuwa yameganda kwenye bomba la moshi na yanaungua, harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, bila supu mwishoni. Rejeta ilikuwa imezibwa na manyoya. Ukiiacha hivyo injini inachemka mlimani. Maji ya presha yanaondoa nusu, nusu nyingine unachomoa kwa vidole huku matone yakikuingia shingoni.

Katikati ya hayo nasikia sauti kutoka kwenye uzio. Bwana mmoja mpenda treni, kamera ndefu kama bomba, ananiomba kwa adabu zote nisogeze mpira wa maji kwa sababu unamharibia picha. Nikausogeza. Baada ya dakika mbili akaniomba nisogee na mimi.

Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira ya upepo wa breki. La kwanza kimya. La pili kimya. La tatu likatoa kipovu kimoja, kikavimba taratibu kama jicho la chura, kikapasuka, kikafuata kingine. Pembe ilikuwa imeukwaruza mpira. Mzee akatazama saa, akanitazama mimi, akasema neno moja: "Badilisha." Nikafunga mpya, tukajaza upepo, tukaikodolea macho geji dakika tano, na mshale haukutikisika. Yoshi.

Likatoka 3:21. Kuchelewa dakika 11 si kitu? Njia ni moja: treni ya upande wa pili ilisimama kwenye stesheni ya kupishana ikitungoja, na wakubwa wakataka ripoti ya maandishi. Kuiandika kwa Kijapani kulinichosha kuliko kulungu.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Tulirudisha magurudumu ya lile la akiba. Nilikula nimesimama. Wanafunzi walirudi kutoka shule wakisinzia vichwa kwenye vioo, giza likaingia, nikafagia mchanga na tiketi.

Bafuni nimetoa unyoya sikioni. Kwenye simu, ujumbe wa mjomba, ambaye tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma hanipi pumzi: "Mpwa, leo hiyo risasi yako umeipeleka spidi ngapi?"

Nikamjibu: "Shikamoo mjomba. 65."